Mtaro: Bado

Baba alifariki Jumanne saa nne asubuhi, kabla chai aliyoitisha haijapoa. Katika wiki zake mbili za mwisho alikuwa ameniambia jambo moja tu kuhusu mazishi yake.

"Mideva, mwanasiasa asishike maiki siku yangu. Nimewasikiliza tangu sijaoa. Inatosha."

Nikaahidi.

Jumatano jioni baba mdogo Nalianya, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akaja kutuambia kwamba amealika wawili.

"Wawili gani, baba mdogo?"

"Mheshimiwa wetu, na huyu Luseno anayekitaka kiti chake. Kila mmoja analeta hema."

"Baba alikataza."

"Marehemu hasikii jua, Mideva. Sisi ndio tutakaa."

Nilimweleza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa tayari kwenye simu, akiuliza habari za viti.

Baba, Wesonga, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, lakini hapa mtaani Mowlem watu walimjua kwa daftari lake. Mwaka 1988, kura zilipopigwa kwa kupanga foleni, alisimama kwenye mstari mrefu na mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Akaamua kwamba tangu siku hiyo atahesabu mwenyewe. Kuanzia 1992 alikuwa wakala katika kila uchaguzi, akilinda kura katika Darasa la Sita la shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu. Hakujali chama. Alikwenda kwa chochote kilichokosa mtu, kwa sababu alichotaka ni kile kiti kinachoona kura zikihesabiwa. Matokeo aliyanakili daftarini usiku uleule. Miaka ikapita, mipaka ikachorwa upya, eneo bunge likagawanywa na kupewa jina jingine, nasi tukabadilishiwa wabunge bila kuhamisha hata kitanda.

Chini ya matokeo aliandika alichoahidi mshindi. Wa kwanza aliahidi kuufunika mtaro unaopita langoni petu. Miaka mitano baadaye, kwa kalamu nyingine, Baba akaongeza: Mtaro: bado.

Ibada ilifanywa Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Hema mbili zilitazamana, kila moja na picha ya mwenyewe, na waombolezaji wakachagua hema kwanza, kiti baadaye. Jeneza likabaki katikati, juani. Mama, mimi na shangazi Ayuma tukabaki nalo.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo Mheshimiwa alipofika. Baba mdogo akaikatiza.

"Mheshimiwa ana ratiba," akasema, akampa maiki.

Nilimtazama tu. Nilikuwa nimeketi kando ya jeneza, na kabla sijainuka alikuwa ameshaanza.

"Poleni sana," Mheshimiwa akasema. "Mama Teresiah alikuwa nguzo ya mtaa huu."

Shangazi Ayuma, ambaye hahitaji maiki, akamjibu kutoka kitini.

"Huyo mama ni msiba wa Mathare, Mheshimiwa. Hapa tunazika mwanamume."

Hema ya Luseno ikacheka. Mheshimiwa akageuza karatasi yake upande wa pili, hakuona kitu, akaikunja.

"Wote ni watu wangu. Na kwa heshima ya mzee huyu, ule mtaro wenu tutaufunika kabla ya uchaguzi wa mwaka ujao."

Sasa vijana wa Luseno wakaanza kudai zamu ya mtu wao. Luseno akasimama, akafunga vifungo vya koti. Baba mdogo akamnyooshea maiki, maana hema yake ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Nikafika kabla yake nikaichukua.

Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Nilisema tu kwamba nasoma wasifu wa marehemu, na katika ratiba kweli zamu hiyo ilikuwa yangu.

"Dakika mbili, Mideva," baba mdogo akanong'ona.

Nikafungua daftari la Baba nililokuja nalo.

"Darasa la Sita, 1992. Waliopiga kura, mia nne tisini na nane. Zilizoharibika, kumi na moja. Mshindi aliahidi mtaro." Nikafunua ukurasa. "Mtaro: bado."

Nikasoma 1997. Nilipofika 2002 sikuhitaji kumaliza, hema zote mbili zilikuwa zikinijibu "bado" kama kanisani. Ukurasa wa 2007, mwaka wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulikuwa na hesabu nusu, na chini yake: Tumefunga mlango siku tisa. Hapo hakuna aliyejibu. Mama alishika ukingo wa jeneza. Nikaendelea na 2013, wakaanza tena. Kufikia 2017 Mheshimiwa alikuwa akielekea garini, simu sikioni.

Nilipomaliza, Luseno alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Dada, nipatie dakika moja tu."

"Mzee alikataza."

"Lakini mimi sijawahi kuahidi huo mtaro."

"Bado," akasema shangazi Ayuma.

Dereva wa gari la maiti akapiga honi. Butere, kijijini kwetu tunakomzika, ni mbali, akasema, tusipoondoka tutafika gizani. Nikazima maiki.

Tulipofika Nakuru, njiani, baba mdogo alinigeukia. Hapo akasema nimewaaibisha wakubwa wawili kwa siku moja, na sasa ni nani atatusaidia. Hema zote mbili zilikuwa zimeng'olewa kabla hatujainua jeneza, naye aliona.

Garini niliandika katika ukurasa uliofuata: Mazishi ya Wesonga. Waliotaka maiki, wawili. Walioipata, mmoja. Nilitamani kuandika sifuri. Lakini Baba hakuwahi kubadilisha hesabu ili imfurahishe mtu.

Mtaro ungali wazi. Nimepeleka jina langu kwa chama kidogo kilichokosa wakala, na mwaka ujao, siku ya kura, Darasa la Sita litafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.