Lugha ya Nyuma ya Mlango

Siku nzima nilikaa kwenye kibanda cha wakalimani, vipokea sauti masikioni, nikiwasemea watu waliokuwa wakibishania lugha moja ya kuunganisha dunia. Mmoja alitaka yenye wasemaji wengi. Mwingine akataka ya kubuni, isiyo ya kabila wala taifa, ili asiwepo wa kutamba. Wa tatu akasema tuwaachie wafanyabiashara, maana hao hawajawahi kushindwa kuelewana. Mwenzangu wa kibandani, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimi, alifunga kipaza sauti akaniuliza mimi ningechagua ipi. Nikamwambia yoyote ile, mradi baba yangu anaijua. Hakucheka, na wala sikuwa natania.

Kazi yetu ina sharti moja: msemaji akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Hakuna kupachika "anasema". Siku ile nilikuwa waziri, nikawa profesa, nikawa mzee mmoja mwenye hasira, na sikuhisi lolote. Tangu baba apate kiharusi sihisi kitu. Nakula, naoga, natafsiri.

Kiharusi kilimfutia lugha zote alizojifunza ukubwani, kikamwachia ile ya mama yake. Ndiyo hiyo aliyoninyima. Aliizungumza na shangazi nyuma ya mlango uliofungwa, wakiwa na mambo yao, na nilipoomba anifundishe alisema haitanipeleka popote, nishike za dunia. Nikazishika barabara, na ndizo zinazolipia kitanda chake hospitalini. Sasa kila jioni ananishika kiwiko na kurudia maneno yaleyale, nami naleta maji, naleta blanketi, nampangia mito. Anatikisa kichwa. Nilitaka kitu kimoja tu, nijue anaomba nini kabla hajachoka kuomba.

Jioni ile shangazi akapatikana, maana huko aliko mtandao ni wa kubahatisha. Niliweka simu kwenye spika kando ya mto wa baba. Wakasalimiana, na baba akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Muuguzi aliyekuwa akikunja mashuka aliyaacha, akasogea. Kisha baba akasema maneno yake yale ya kila siku.

Shangazi akasema anaomba maji.

"Shangazi," nikamwambia, "maji nampa kila siku. Niambie kama alivyosema."

Akaniambia, polepole. Mtandao nao ukawa unakatakata; mimi nilitega sikio nikadaka, lakini muuguzi hakuambulia kitu. Akaniuliza mzee wetu anataka nini.

Nikakaa wima. Mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"Naomba mniitie binti yangu," nikasema. "Huyu mama ananihudumia vizuri, Mungu ambariki, lakini haelewi ninachosema. Binti yangu angenielewa."

Muuguzi akamtazama baba, akanitazama mimi. "Kwani binti yake si wewe?"

"Mimi natafsiri tu," nikamjibu.

Baba alikuwa bado amenishika kiwiko, akingoja. Nikainamia simu, nikamwomba shangazi anifundishe kusema kwamba binti yuko njiani, anakuja.