Mashini ya Kijani ya Tata Tshimanga

Jumamosi, tarehe 8 Mei 1993. Asubuhi kulikuwa na baridi, na ukungu ulifunika mtaa wetu wa Dilala hata sikuweza kuona msalaba wa kanisa kutoka mlangoni kwangu. Mvua zilikuwa zimekwisha. Nilisali, nikanywa chai bila sukari, kisha nikasukuma baiskeli hadi shule ya parokia kuchukua mashini mbili za kuandikia za mwalimu wangu.

Jina langu ni Kabemba. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nililinda pampu katika shimo la mgodi wa shaba uitwao Mashamba mpaka kazi iliposimama, ndipo nikaingia darasa la jioni la kupiga mashini, mzee kuliko wanafunzi wote. Mashini zilikuwa mbili tu na sisi tulikuwa kumi na tisa. Kwa hiyo wengi wetu tulijifunzia juu ya katoni: tulichora herufi kwa wino, tukazipiga kwa vidole huku mwalimu wetu, Tata Tshimanga (tata ni baba, kwa heshima), akigonga meza kwa rula ili twende pamoja. Mimi nilipiga katoni miezi saba.

Tata Tshimanga alikuwa pia karani wa parokia. Alizaliwa hapa Kolwezi na baba yake amezikwa hapa, lakini asili yao ni mkoa wa Kasai, na tangu mwezi wa tatu watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa katika nyumba zao. Yeye na mke wake, Mama Ngalula, walikuwa wamelala stesheni wiki tano chini ya turubai, wakingoja treni. Hakuweza kupita Dilala kuchukua vitu vyake. Mimi niliweza, kwa sababu jina langu ni la huku.

Kiti chake cha karani kilibaki wazi. Padri Louis aliniambia kwamba Jumatatu atanijaribu: ukurasa mmoja, bila kutazama vidole, na mashini nije nayo mwenyewe. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nyumbani tulikuwa tukila mara moja kwa siku.

Nilipofika stesheni, mama mmoja wa turubai la jirani, Mbuyi, alitazama baiskeli yangu.

"Huyu naye amekuya kununua? Jana mumoja alibeba frigo, akaacha debe moja la unga. Wewe tata, unaacha nini?"

"Siachi kitu, mama. Nimeleta."

"Basi wewe ni wa kwanza."

Tata Tshimanga alinishika mikono yote miwili. Alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni kama siku za darasa.

"Kwenye behewa wanatupa nafasi ya mizigo miwili," alisema. "Mumoja ni sufuria za mama."

"Hizo hazibaki," Mama Ngalula alisema.

"Umesikia. Kwa hiyo mashini moja inaenda, moja inabaki na wewe. Chagua. Lakini utachagua na vidole, hapana na macho."

Akaweka mashini juu ya sanduku, na Mama Ngalula akafunika mikono yangu kwa kitenge. Nilianza na ile nyeusi. Vitufe vyake vilikuwa virefu na vigumu; kila herufi ilitaka nguvu ya bega. Kidole changu cha kati hakikunjiki vizuri tangu mnyororo wa pampu ulipokibana, na baada ya mistari minne kilianza kuuma.

"Unachimba mukuba ama unaandika?" aliuliza mwalimu, kama vile bado nilikuwa kwenye shaba.

Kisha wakaniwekea ile ya kijani. Vitufe vyake vilikuwa vifupi, vimeliwa kidogo katikati, na ncha ya kidole ililala humo vizuri. Nikigusa, herufi inatoka. Niliandika sala yetu fupi ya kufungua darasa, ya mstari mmoja, yote bila maumivu, na nilijua kwamba kwa mashini hii Jumatatu nitafaulu.

"Ni hii," nilisema, nikatoa mikono chini ya kitenge. "Lakini siwezi kuichukua."

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Kikundi chetu cha sala tuliapa mbele ya altare tusichukue mali yao. Bitu bya bantu benye kufukuzwa, mi sigusi. Na kiti nacho ni chako, tata. Nikikalia kiti chako na kubeba mashini yako, tofauti yangu na yule wa frigo ni nini?"

"Yeye alikuwa na unga," alisema Mbuyi, na watu waliokuwa karibu wakacheka.

"Na wewe ungechukua ipi?" nilimuuliza mwalimu. "Sema kweli."

Alivuta ile nyeusi, akaandika mstari mzima kwa kasi huku akinitazama usoni. Hapakuwa na kosa hata moja.

"Mi naandika hata juu ya tofali. Ukiiacha ya kijani hapa, mwingine ataibeba, na yeye hatauliza Mungu."

Nilikwenda nyuma ya turubai, nikapiga magoti kwenye kokoto za reli. Sikusikia sauti. Nilikumbuka tu kwamba nimelinda pampu miaka kumi na minane, na hakuna hata siku moja niliyofikiri kwamba pampu ni yangu. Nikarudi.

"Nitailinda," nilisema. "Itabaki yako. Nitaandika nayo ili isishike kutu."

"Basi andika hayo. Huu ndio mtihani wako."

Kitenge kikarudi juu ya mikono yangu. Niliandika polepole, sikutazama. Kengele ya mashini ile, ya kukumbusha kurudisha mstari mwanzo, ilikuwa imekufa zamani, na mimi niliendelea tu, kama kwenye katoni, hata baada ya mstari kuisha. Tata Tshimanga akavuta karatasi, akaweka kidole mwishoni mwa mstari.

"Tata Kabemba, katoni haina mwisho. Mashini iko na mwisho. Ukifika pale, unarudisha."

Jina la mwenye mashini lilikuwa mwishoni mwa mstari, na herufi zaidi ya ishirini zilikuwa zimepandana juu yake. Lilibaki doa jeusi.

Mbuyi akasoma kwa sauti: "'Hii mashini ni ya...' Ni ya doa."

Walicheka tena, na safari hii mwalimu naye alicheka. Nilitaka karatasi nyingine. Mama Ngalula akatikisa kichwa.

"Acha, tata. Karatasi ya nyumba yetu ilikuwa hata na muhuri, na bado tuko hapa. Sema na kinywa, bantu basikie."

Basi nilivua kofia. Watu wa maturubai ya karibu walisogea.

"Mimi Kabemba ninasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Mashini hii ya kijani ni ya Tata Tshimanga, na kiti cha karani ni chake. Nitaandika nayo kila siku na kuipaka mafuta kila Jumamosi, na sitaiuza hata tukilala njaa. Siku atakayorudi, yeye au mtoto wake, mi nitasimama, na yeye ataketi."