Kabichi Zilizovimba Miguu

"Mama Kimya, hizi kabichi zako zimeshikwa na matende?"

Hivyo ndivyo alivyouliza jirani yake siku moja, ameegemea uzio. Jirani huyo alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na watu walimwita Cheche kwa jinsi maneno yalivyomruka mdomoni. Wapangaji wanne waligawana kiwanja cha nyuma ya nyumba, kila mmoja na tuta lake. Mama Kimya alikuwa mjane, na tuta hilo ndilo lililomlisha yeye na mama mkwe wake. Na kweli, kabichi zake hazikufunga. Mashina yalivimba juu ya udongo, mviringo kabisa, majani yakichomoza ubavuni.

Cheche hakuishia hapo. Alikwenda kwa mama mwenye nyumba akamwambia ugonjwa ule utahamia matuta yote. Mama mwenye nyumba, mtu wa maneno machache, akakata shauri: Jumamosi atakuja aone mwenyewe. Akikuta ugonjwa, mboga zote zing'olewe, na tuta apewe mpangaji mwingine.

Mama Kimya hakubisha. Kila alfajiri baada ya sala alichuchumaa pale akazitazama. Hakuona jani la njano, hakusikia harufu ya kuoza. Alichokiona kilimshangaza: zote zilikuwa na unene mmoja, kimo kimoja, zimekaa juu ya ardhi kama mayai juu ya vikombe. Ugonjwa haupimi hivi, alijiambia. Huu ni mkono unaojua unachofanya.

Ijumaa akamwendea muuza mbegu sokoni. Yule akapekua makopo yake, kisha akajishika kichwa: alimpimia mbegu za kolirabi, mboga ya ukoo wa kabichi, badala ya kabichi zenyewe. Kinacholiwa ni huo uvimbe wenyewe, alisema. Unapikwaje? Hilo hakujua, yeye kazi yake kuuza.

Jumamosi asubuhi akakata moja, akamtaja Mola, akaanza. Ganda lilikuwa gumu. Akalimenya, akakuta chini yake nyuzi kama za katani, akamenya tena. Hapo kisu kikazama chenyewe, na nyama nyeupe ikatoa matone ya maji. Hakuna mdudu, hakuna doa. Akatafuna kipande kibichi. Kilikuwa kitamu kwa mbali, na baridi, kana kwamba mvua imefungiwa humo. Akakaa kitako kwenye kigoda. Miaka hamsini na mitatu anakula mboga za dunia hii, kumbe Mola alikuwa bado ana moja hajamwonyesha.

Akakata nyingine tatu. Moja akaichana vipande vyembamba, akatia chumvi na limau. Moja akaichemsha kidogo, akaikaanga na kitunguu mpaka kingo zikapata wekundu. Ya mwisho akaiponda na maziwa kwa ajili ya mama mkwe, ambaye meno yalikwisha kumuaga. Na majani hakuyatupa. Aliyakatakata akayakaanga kama mboga yoyote.

Mama mwenye nyumba akafika, Cheche nyuma yake, akitania kwamba siku hizi wagonjwa hawazikwi, wanakaangwa.

Mama mwenye nyumba akauma kipande kibichi, na mlio wake ukasikika hadi uani. Akaonja za kukaanga, kisha mkono ukarudi kwenye zile mbichi. Kule mkekani mama mkwe alikuwa akikwangua bakuli, yeye ambaye tangu mwezi ule uanze alikuwa akibakiza nusu.

"Tuta hili lisiguswe," mama mwenye nyumba akasema polepole. "Na mbegu utanigawia."

Cheche akachukua kipande. Akachukua cha pili. Kicheko kilikuwa kimemwisha usoni.

"Mama Kimya," akasema, "zile nne za uzioni nimezing'oa asubuhi hii, ulipokuwa jikoni. Nilidhani nakupunguzia kazi. Nimezitupa kwenye shimo la taka."

Wote wakamtazama. Mama Kimya akamsogezea sahani.

"Kula kwanza, shemeji."

Cheche akaitazama sahani, akainuka, akatoka kwenda shimoni.