Pesa Yenye Mizani Mbili

Wifi yangu Badria akisikia mgeni anakuja, hata kama ni wa kuuliza njia tu, nyumba nzima itapinduliwa. Ngazi zitapigwa maji, mazulia yatakung'utwa dirishani mpaka wapita njia wa chini watukane, na masinia ya shaba yatasuguliwa kwa ukwaju na jivu mpaka uyaone meno yako ndani yake. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa sote hapa Mji Mkongwe. Mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Kwa hiyo siku aliyokuja Hamed kutoka Maskati, sikushangaa kuikuta nyumba inanuka ukwaju tangu mlangoni.

Hamed alikuja kutazama pesa. Si pesa za kutumia. Ni pesa moja tu ya shaba, ya zama za Seyyid Barghash, ambayo ndugu yangu Hamoud aliikuta ndani ya kibweta cha marehemu mama. Pesa za namna ile zina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Hii haikuwa na maandishi. Ilikuwa na mizani pande zote mbili, huku imeinuka kama kawaida, na huku imezama ndani, imegeuka kulia kushoto.

"Iliyotangulia ilinasa kwenye mtambo, dada," Hamoud alinieleza. Yeye ni fundi saa, mambo ya mitambo hayamchoshi. "Hii ikaja ikagongwa na mwenzake badala ya kugongwa na muhuri. Mafundi waligundua zilizoharibika hivi wakazitupa. Hii ikawaponyoka."

Muuza vitu vya kale mmoja alimwambia ni kombo tupu, akataka kumpa bei ya chupa ya soda. Mwizi mkubwa. Hamoud akarudi nayo, akaipiga picha na simu, akaituma kwa huyu na yule mpaka ikamfikia Hamed, ambaye kazi yake ni kununua pesa zilizokosewa. Ndiyo, ipo kazi hiyo, na wanaoifanya wanakula vizuri kuliko mimi. Hamed akaomba ipimwe kwa sonara uzito wake, isogezewe sumaku, ipigwe picha na ubavuni. Alipokwisha ridhika akataja bei, na bei ile ilikuwa inatosha jicho.

Nasema jicho kwa sababu ndilo lililotuweka roho juu. Hamoud ana presha ya macho. La kushoto lilishakwisha kabla hatujajua kama anaumwa. La kulia, daktari alisema, likipasuliwa mapema kitabaki kile anachokiona, kilichopotea hakirudi. Hospitali iko Dar es Salaam, na hela yake hatuna. Nimeuza bangili zangu, na Badria kauza cherehani, bado hatujafika hata nusu. Kila tukimuuliza Hamoud jicho linaendeleaje, hujibu, "Naona, alhamdulillahi." Basi tukatulia.

Hamed alikaribishwa ukumbini, akaletewa halua na kahawa. Ni mtu mpole, ana sauti ya chini. Badria akaileta pesa juu ya kisahani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akaiweka mbele ya mgeni kwa fahari kama anayeleta mwari. Hamed akafungua kitambaa.

Pesa ilikuwa inang'aa kama kifungo kipya.

"Tazama ile mizani iliyozama," Hamoud alimwambia, amekaa upande wa pili wa ukumbi, anatabasamu. "Na weusi wake huo, Bwana Hamed, si wa jana."

Hamed alinitazama mimi. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaigeuza pesa mara mbili tatu, akairudisha kwenye kisahani taratibu. Akasifu halua. Akauliza habari za watoto. Kisha akasema ana mtu anamsubiri, atapiga simu. Nikamsindikiza chini.

"Bi Khairiya, mmeisugua," alinambia ngazini.

"Mke wa Hamoud. Kwa ajili yako wewe mgeni."

"Nnajua. Na kwetu wangefanya hivyo hivyo." Alishusha pumzi. "Lakini ule weusi ndio unaowahakikishia wanunuzi wangu kuwa pesa ni ya kale na haijachezewa. Na jivu limeikwaruza pande zote. Hakuna atakayeitaka tena. Nikikupa bei yake ya sasa haitofika nauli ya boti. Nnaona haya hata kuitaja."

Nilipanda ngazi nimejaa hasira. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Badria, na si maneno ya kuandikwa. Nikamkuta amesimama juu pale, kanga mdomoni. Alikuwa amesikia yote.

"Wifi," alisema, "mwanamme wa Maskati, nimpe kitu cheusi kama kimetoka jaani? Hakuna aliyenambia."

Kweli hakuna aliyemwambia. Hata mimi sikujua. Hasira ikaniishia, nikabaki na uchungu mtupu.

"Nnamwambia mwenyewe," akasema, akaingia ukumbini. Nilimfuata.

Alipiga magoti mbele ya mumewe akamweleza lote: ukwaju, jivu, aliyoyasema Hamed. Alilia mpaka maneno hayatoki. Hamoud alisikiliza, mikono juu ya mapaja. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe niione."

Badria akampa. Hamoud akainuka, akapapasa ukuta mpaka dirishani, akafungua mbao zote mbili. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya uchochoro. Akaileta pesa karibu na jicho la kulia mpaka ikagusa kope, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Mara uso wake wote ukafunguka, akacheka.

"Badria, umenitia roho juu bure! Hukuiharibu. Mbona nyeusi vile vile?" Akanigeukia, pesa bado iko juani. "Dada, mkimbilie Hamed, hajafika mbali. Mwambie arudi aitazame vizuri."

Pesa ile ilikuwa imepigwa na jua mpaka inaniumiza macho. Badria alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyekwenda kumwita Hamed.