Kidole cha Mzee Bong

Asubuhi ile niliogopa, sioni haya kusema. Chini ya katuni yangu palikuwa na maoni mia nane, yote wimbo mmoja: vidole vinne!

"Akili mnemba hii, jamani! Haijui hata kuhesabu vidole."

"Mchoraji gani? Mwizi tu!"

Katuni yangu husomwa kwenye simu kila Alhamisi. Mhusika wake ni Mzee Bong, muuza mikate ya umbo la samaki, na mkono wake wa kulia una vidole vinne. Sikukosea. Ni mkono wa baba yangu. Kabla sijazaliwa, mashine ya kiwandani huko Incheon ilimkata kidole cha mwisho, na tangu hapo mkono ule ukaishi mfukoni. Mzee Bong alipoanza kupendwa, Baba akautoa. Tulikuwa mgahawani, akashika kijiko kwa mkono wa kulia mbele za watu. Nilijifanya napuliza supu ili nisilie.

Miaka miwili hakuna aliyeuliza. Sasa mashine zinachora, kila mtu amekuwa mhesabu vidole!

Mhariri wangu, Bwana Pyo, akapiga simu. "Mchoraji Gi, lete faili lenye tabaka za mchoro, watu waone ulivyochora hatua kwa hatua."

"Sina. Kompyuta yangu kuukuu. Nikimaliza picha naziunganisha tabaka zote ziwe moja, la sivyo inakwama."

"Alaa! Ndivyo wasemavyo wezi wote."

"Bwana Pyo, miaka sita unanijua!"

"Mimi nakujua. Wao je? Mchoraji mwenzako Seok walimchimba mpaka wakaanika mtandaoni anwani ya nyumba ya mama yake. Rekebisha mkono kabla ya saa kumi jioni, au katuni inafutwa."

Ningeweza kusema ukweli. Lakini wangedai picha ya mkono wa Baba, wangeikuza, wangeicheka. Mchuma janga hula na wa kwao. Nikashika kalamu, nikamchorea Mzee Bong kidole cha tano katika kila picha ya wiki ile, huku nikijitukana: mwoga we!

Saa kumi na moja maoni yalikuwa asali tupu. "Hapo sawa! Sasa huu ndio mkono wa binadamu."

Nikaenda kwa Baba. Nilimkuta mezani, supu ya kimchi, kabichi chachu yenye pilipili, imeshapakuliwa, simu iko kando ya bakuli. Alikuwa ameshasoma.

"Naona Mzee Bong amepona," akasema.

"Baba, walinitisha, mimi..."

"Amependeza, mwanangu. Kula, supu inapoa."

Akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.