Nafasi ya Kambale

Batu banasemaka niko na kichwa nguvu. Ni kweli. Bila ile kichwa, doctorat yangu ingefia mu bureau ya Professeur Valentin.

Niko nafanya histoire hapa Butembo, juu ya familia zenye zilikimbia vita Eringeti zikakuya kuikala Beni. Professeur, promoteur mwenye kuniongoza mu thèse, ni mutu wa Kasai, alifika kwetu juzi juzi tu. Akasukuma chapitre yangu ya tatu mbali naye.

«Kaswera, unaandika batoto benye balikufa, na hauna hata karatasi moja ya serikali, ya état civil. Ulibatosha wapi?»

«Mu majina, Professeur. Kwetu Banande, mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Mama akikuambia iko na Paluku na Kasereka, anakwisha kukuambia yote.»

«Labda Kambale iko Kampala, anafanya biashara.»

«Mwenye kuwa Kampala, mama anamutaja wa kwanza, tena na majivuno.»

Hakucheka. «Lete sauti ya mama mwenyewe. Ao utoshe chapitre, donc thèse inaanza upya.»

Hasira ilinipanda. Kesho yake nikapanda moto, pikipiki ya watu, mpaka Beni, kwa Mama Orpa, wa familia moja ya ile chapitre. Kwetu, mutoto mwenye alipotea hatumuulizake mama yake. Ni kumupasua kidonda. Nikatega téléphone ikamate sauti, nikamuomba tu anijulishe batoto.

«Uyu Paluku,» akasema. «Uyu Kasereka.» Kisha akanyamaza, akapanguza ile kiti ya katikati yao, yenye hakuna mutu alikuwa anaikala. Nikamuambia wasingya, aksanti ya Kinande, nikatoka, machozi ikinishinda.

Professeur alisikiliza mu téléphone ile kimya ya mama mpaka mwisho.

«Na weye, nani alikufundisha kusikia hivi?»

«Nyumbani, Professeur. Kwetu tuko na Paluku, Kambale na Kakule.»

Akahesabu polepole ku vidole. Kidole ya tatu ikabakia juu.

«Haumo mu thèse yako,» akasema. Sauti yake ilikuwa chini.

Ni kweli. Familia za batu niliandika zote. Ya kwetu, yenye ilikimbia Eringeti pia, niliogopa.

«Chapitre inabakia,» akasema. «Mais uimalize.»

Nikarudia nyumbani Kimemi, hapa Butembo, nikafungua ordinateur, nikaandika Kasereka pa nafasi yake, katikati ya Kambale na Kakule.