Shubiri ya Mguu wa Kushoto

Kidole kile kile nilichojipakia shubiri kwenye ziwa ili mwanangu Hamisa aache kunyonya, ndicho nilichopakia kiatu cha farasi. Asubuhi moja, bakuli moja. Kabla ya siku ile sikuwahi kumsogelea farasi, na laiti nisingemsogelea.

Tulikuwa tukiishi Kinondoni, miaka miwili kabla ya vita vya pili, katika chumba cha uani kwa afisa mmoja wa Kiingereza. Mume wangu, Mwishehe, alikuwa saisi wake: kumlisha farasi, kumsugua, kumtembeza. Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda.

Farasi yule alikuwa na kasoro ya kujigonga. Akikimbia, kwato za nyuma zinapiga miguu ya mbele, mpaka wa kushoto ukafanya kidonda kidogo kama punje ya hindi. Yule afisa, tuliyemwita Bwana, akaagiza viatu vya ngozi, si vya kwato, vya kufunga kwenye muundi kwa mikanda. Farasi akavikataa. Anainamisha shingo, anauma mkanda, anavuta, na asubuhi Mwishehe anaokota kiatu kimelowa mate majanini. Jozi ya kwanza ikaliwa, na ya pili. Bwana akasema ya tatu ikiliwa, saisi atafute pengine pa kulala. Tena visivuliwe, usiku wala mchana, mpaka siku ya mashindano ya mbio, ili mnyama avizoee.

Mwishehe akajaribu pilipili. Farasi akailamba kama mtu wa pwani aliyepewa achari.

Mume wangu alikuwa hali, halali. Nikamwambia, "Mie Hamisa nimemwachisha kwa siku mbili. Huyo farasi ana ukaidi gani wa kumshinda Hamisa?" Akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka, nami nikaona fahari, mjinga mie.

Basi nikapaka. Farasi akauma mara moja, akakunja mdomo, akapiga chafya, akaenda kwenye ndoo ya maji. Hakurudia. Bwana alipopita akampigapiga Mwishehe begani, naye hakusema shubiri ni ya nani. Sikudai. Mke na mume ni nguo moja, nikajiambia.

Siku ya tatu nilikwenda kupaka tena, ndipo nikaona. Kiatu cha kulia hakikuwa na alama ya jino hata moja. Kilichotafunwa ni cha kushoto, na nilipokumbuka zile jozi mbili za mwanzo, zilikuwa hivyo hivyo. Na mguu ule farasi alikuwa ameunyanyua kidogo, hataki kuukanyagia.

"Baba Hamisa," nikamwambia, "huyu hatafuni kwa utundu. Kuna kitu kinamuuma humo ndani. Mvue umtazame."

"Bwana kasema visivuliwe."

"Bwana hayupo sasa hivi. Mvue mara moja tu."

"Mwanaasha, tangu lini umekuwa saisi?"

Nikanyamaza. Hilo nalijutia kuliko hata shubiri. Mikanda yenyewe ilikuwa miwili, na mikono ninayo.

Siku ya mashindano farasi alitoka bandani anachechemea kwa miguu mitatu. Bwana alipiga magoti mwenyewe, akafungua. Harufu ilitufikia hata sie tuliosimama mlangoni. Kile kidonda cha punje ya hindi kilikuwa kimefunikwa kibichi, mchanga ukaingia, ngozi ikasugua, na sasa kilikuwa upana wa kiganja, funza wanatembea. Kumbe maskini alikuwa akijivua kitu kinachomla, sie tukampaka uchungu mdomoni anyamaze.

Bwana alinusa mkanda, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Nani kaweka hii?"

Mwishehe hakunitazama. "Mke wangu, Bwana. Mimi sikujua."

Farasi hakufa. Alibaki kilema, na Mwishehe akabaki na kazi ya kumuuguza. Aliyeambiwa aondoke kabla ya jua kuchwa ni mie. Nilimfunga Hamisa mgongoni nikashika njia ya Boko, kwa mama. Njiani, kwenye kisima cha watu, nilinawa kifua vizuri, nikakaa chini, nikampa ziwa. Si kwamba alikuwa na njaa. Mie ndiye niliyetaka mtu. Akanitazama, akageuza uso.

Baada ya miezi minne Mwishehe akaja, ameshika doti ya kanga. Mama alimtandikia mkeka, akampa maji. Akasema Bwana amepoa, ninaweza kurudi.

"Nilikwambia umvue, au sikukwambia?"

Aliiweka kanga mkekani.

"Uliniambia."

"Basi kamwambie na Bwana. Ukishamwambia, uje unichukue. Utakuta nimefunga mizigo."

Akaiacha kanga mkekani, akavaa kofia yake, akaenda. Mizigo niliifunga kweli, jioni ile ile, nikaiweka karibu na mlango. Ilikaa pale mpaka mvua za vuli, mama alipoifungua kutafuta sufuria yake.